Ukingo wa Maji Una Upana: Maendeleo na Hifadhi Kando ya Bahari, Maziwa na Mito

Mabishano kuhusu ujenzi wa kando ya maji huibuka kwa mtindo uleule kila mara. Mto unafurika na kuingia majumbani, au mwenye hoteli anajenga ukuta ufukweni, au mamlaka zinapaka alama ya X nyekundu kwenye majengo na kutangaza kwamba yamo ndani ya hifadhi ya mto. Papo hapo watu hugawanyika: wapo wanaosema kwamba mazingira yamekuwa kisingizio cha kuzuia maendeleo, na wapo wanaoamini kwamba kila tofali linalowekwa karibu na maji ni uharibifu. Kwa maoni yangu pande zote mbili huanza na kosa moja. Zote huuchukulia ukingo wa maji kama mstari, kwamba huku ni nchi kavu na kule ni maji, ilhali ukingo ni ukanda wenye upana wake, na ukanda huo huhama. Jambo hilo likishaeleweka, sehemu kubwa ya kinachoitwa ugomvi kati ya maendeleo na hifadhi hugeuka kuwa maswali yanayoweza kupimwa: umbali gani, kutoka wapi, mchanga unaelekea wapi, na shughuli ipi inahitaji maji kweli.

Tuanze na maneno, kwa sababu machafuko mengi yamo humo. Ukingo wa maji, kama utakavyotumika hapa, ni eneo lote ambalo maji hulifikia wakati fulani na kuliacha wakati mwingine. Kando ya mto, eneo hilo huitwa bonde la mafuriko, yaani tambarare ambamo mto hutandaza maji yake unapojaa kupita kiasi. Ardhioevu ni ardhi inayokaa na maji kwa mwaka mzima au kwa majira, kama vile vinamasi, mabwawa ya asili na misitu ya mikoko. Mashapo ni mchanga, tope na changarawe zinazobebwa na maji na kutuama mahali. Ukanda wa kinga ni kipande cha ardhi ambacho sheria au mpango wa ardhi umekitenga kati ya maji na majengo.

Ulinganisho unaonisaidia mimi ni ule wa mlango. Nafasi ambayo mlango unaihitaji si unene wa ubao wake ukiwa umefungwa, bali ni eneo lote ambalo ubao hulipitia unapofunguka. Hakuna mtu anayeweka kabati nyuma ya mlango kwa hoja kwamba alipopima asubuhi mlango ulikuwa umefungwa. Kando ya maji, hata hivyo, hivyo ndivyo inavyofanyika mara nyingi: kiwanja hupimwa wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba na ziwa likiwa limerudi nyuma, na kabati huwekwa.

Tofauti kati ya mlango wa nyumba na ukingo wa maji ni kwamba huu wa pili una mizunguko kadhaa inayopandana. Bahari hujaa na kupwa kila siku. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja maji ya bamvua ambayo hupanda juu zaidi na kushuka chini zaidi kuliko siku nyingine. Juu ya mzunguko huo kuna majira ya mvua na ya pepo, na juu ya majira kuna mabadiliko ya miaka mingi ambayo kumbukumbu ya mtu mmoja haiwezi kuyashika vizuri. Ziwa Victoria ni mfano ulio wazi. Kati ya mwaka 1961 na 1964 liliinuka kwa zaidi ya mita 2. Kisha lilishuka taratibu kwa miongo kadhaa, na mwaka 2006 lilikuwa limepungua sana, watu wakalifuata kila liliporudi nyuma, wakilima, wakijenga na kuweka maghala mahali ambapo wazee wao waliwahi kuona maji. Mwezi Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilionyesha mita 13.42, na rekodi ya 1964 ikavukwa kidogo tu. Magazeti yaliandika kwamba ziwa limevamia makazi. Ukiitazama historia ya miaka 60, ziwa lilikuwa limerudi mahali ambapo liliwahi kufika.

Kwa upande wa bahari kuna mwendo wa polepole zaidi usiorudi nyuma. Kati ya 1901 na 2018 uso wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na kasi ya kupanda imeongezeka katika miongo ya karibuni. Sentimita 20 zinasikika kama kitu kidogo, urefu wa kiganja kilichonyooshwa pamoja na vidole. Lakini fukwe nyingi huinama kidogo sana. Pale ambapo ardhi hupanda mita 1 kwa kila mita 100 za kutembea, kupanda kwa maji kwa sentimita 20 ni sawa na maji kusogea mita 20 ndani ya nchi. Kipimo cha wima kinapogeuzwa kuwa cha mlalo hukua, na anayejenga huishi katika kile cha mlalo.

Hapa ndipo mjadala wa mita unapopata maana yake. Nchi nyingi zimeweka umbali ambao majengo ya kudumu hayapaswi kuuvuka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Uganda, katika kanuni zake za mwaka 2000, iliweka hadi mita 200 kwa maziwa yake makubwa. Ufaransa, kwa sheria yake ya pwani ya mwaka 1986, inazuia ujenzi ndani ya mita 100 nje ya maeneo ambayo tayari yalikuwa yamejengwa. Watu wakizisikia tarakimu hizi huuliza ni ipi iliyo sahihi, na wengine huhitimisha kwamba zote zimebuniwa tu mezani.

Swali lenye uzito zaidi ni kipimo kinaanzia wapi. Kanuni zile za Kenya zilihesabu kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa, ilhali zile za Uganda kwa maziwa zilihesabu kutoka kiwango cha chini cha maji. Rudi sasa kwenye ule ufuo wenye mwinamo wa mita 1 kwa mita 100, kisha kumbuka kwamba Ziwa Victoria liliwahi kupanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Mita 2 za wima hapo ni mita 200 za ardhi. Ukanda wa mita 200 uliohesabiwa kutoka maji yakiwa chini unaweza, maji yakijaa, kuzama wote bila kubaki hata hatua moja ya kinga, na wakati huohuo mita 30 zilizohesabiwa kutoka mafuriko makubwa zikabaki kavu zote. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kiwanja chake kiko mita 60 kutoka majini bado hajakwambia kitu, mpaka aseme ni maji ya siku gani.

Kuna dhana nyingine inayokwenda sambamba na hii, nayo ni kwamba ardhi ambayo haijafurika kwa miaka 20 ni salama. Wataalamu wenyewe wamechangia kuikuza kwa kutumia maneno kama “mafuriko ya miaka 100”, ambayo masikioni mwa mtu wa kawaida humaanisha kwamba yakishatokea, kizazi hiki kimemaliza zamu yake. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Fikiria mfuko wenye shanga 99 nyeupe na moja nyekundu. Kila mwaka unaingiza mkono, unachomoa shanga moja, unaitazama, na kuirudisha mfukoni. Nyekundu inaweza kutoka mwaka huu na mwaka ujao pia. Kwa mtu anayelipa mkopo wa nyumba kwa miaka 30, uwezekano wa kuichomoa angalau mara moja ni zaidi ya robo. Tena hesabu hiyo inadhani kwamba mfuko haubadiliki, ilhali kila kinamasi kinachofukiwa na kila kilima kinachofunikwa kwa saruji upande wa juu wa mto ni shanga nyekundu nyingine inayotiwa ndani.

Jambo ambalo huelezwa kwa nadra zaidi ni mchanga, nami nitakaa nalo kidogo, kwa kuwa bila kuuelewa mchanga huwezi kuelewa kwa nini ukuta unaojengwa kwa nia njema huleta hasara. Simama ufukweni maji yakiwa nusu na utazame wimbi moja. Mara nyingi haliji likiwa limenyooka, bali huja kwa mshazari, likifuata upepo. Linapopanda ufuo husukuma chembe za mchanga kwa mshazari ule ule, na maji yanaporudi huteremka moja kwa moja kufuata mwinamo. Kila chembe imesogea kando kidogo, pengine upana wa unyayo. Zidisha kwa mawimbi ya mchana na usiku, mwaka mzima, na utaona kwamba ufuo unaoonekana umelala pale pale kwa kweli ni mto wa mchanga unaotiririka kando ya nchi. Unabaki mahali pake kwa sababu mchanga unaoingia unalingana na unaotoka, kama akaunti ya benki yenye miamala mingi ambayo salio lake halibadiliki.

Akaunti hiyo ina vyanzo vyake. Mito huleta mchanga kutoka bara, matumbawe na magamba huvunjika na kuongeza wake, na vilima vya mchanga nyuma ya ufuo ni akiba ya siku za dhoruba. Bwawa likijengwa mtoni, mchanga hutuama nyuma ya ukuta wake. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri kukamilika mwaka 1970, mashapo ya Nile yaliacha kufika baharini kwa wingi wa awali, na ncha za delta karibu na Rashid zikaendelea kuliwa na bahari kwa kasi. Bandari yenye gati refu nayo hukata mkondo. Bandari ya Lomé nchini Togo, iliyojengwa miaka ya 1960, imekusanya mchanga upande wake wa magharibi, huku fukwe za mashariki kuelekea Aného zikipoteza ardhi, nyumba na barabara. Hakuna aliyechimba mchanga wa watu wa mashariki. Ulizuiliwa njiani tu.

Sasa fikiria mwenye nyumba anayeona bahari inakaribia baraza lake. Anajenga ukuta wa zege, na kwa miaka michache ukuta unafanya kazi yake. Lakini wimbi lililokuwa likipanda ufuo mlegevu na kuchoka taratibu sasa linagonga uso mgumu, linarudi na nguvu zake, na linapogeuka linachimba mchanga wa miguuni pa ukuta. Ufuo wa mbele unashuka. Maji yaliyokuwa ya magotini wakati wa bamvua yanakuwa ya kiunoni, na kwa sababu maji yenye kina hubeba mawimbi makubwa zaidi, kila bamvua inagonga kwa nguvu kuliko iliyotangulia. Kwenye ncha mbili za ukuta nguvu hukusanyika na kuingia kwa jirani, naye jirani hujenga wake. Baada ya muda pwani nzima ina kuta na haina ufuo, na wageni waliokuja kwa ajili ya ufuo hawana tena sababu ya kuja. Ukuta unaweza kulinda kilicho nyuma yake, na wakati mwingine, kama vile kwenye hospitali au barabara kuu isiyo na njia nyingine, hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Ila haulindi ufuo, na ni vizuri jambo hilo lisemwe kabla ya pesa kutolewa.

Kuna njia nyingine za kufanya kazi na mchanga. Uholanzi mwaka 2011 ilimwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga kwa pamoja karibu na The Hague, ikauachia upepo na mikondo kazi ya kuusambaza kando ya pwani kwa miaka mingi. Ni njia ya gharama kubwa na haifai kila mahali, lakini inaonyesha kwamba mhandisi anaweza kuiongezea akaunti salio badala ya kuifunga.

Dhana ya tatu inayohitaji kusahihishwa ni kwamba kinamasi na mikoko ni ardhi isiyo na kazi inayosubiri kufukiwa. Tazama mikoko maji yakiwa yamekupwa. Upande wa bahari hutangulia mlilana, mizizi yake ikichomoza topeni kama vigingi, na nyuma yake aina inayoitwa mkoko, yenye mizizi iliyopindana kama miguu ya meza nyingi zilizorundikwa, kisha mkandaa na mchu kuelekea nchi kavu. Wimbi likiingia humo hulazimika kupita katikati ya vizuizi maelfu, na kila kimoja huchukua sehemu ya nguvu zake. Vipimo vilivyofanywa sehemu mbalimbali vimeonyesha kwamba mita 100 za mikoko zinaweza kupunguza urefu wa mawimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66, ikitegemea wingi na aina ya miti. Matumbawe hufanya zaidi ya hapo: kwa wastani mwamba wake huondoa asilimia 97 ya nishati ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Mikoko haizuii kila kitu, na haifai kumwahidi mtu kwamba itasimamisha tsunami kubwa. Kwa mawimbi ya kila siku na dhoruba za kawaida, hata hivyo, ni ukuta unaojikarabati wenyewe na kukusanya mashapo kadiri maji yanavyopanda.

Hapa pia pana hitilafu upande wa wapenda hifadhi. Kampeni nyingi za kupanda mikoko hupanda aina ile ya mkoko peke yake, kwa kuwa mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka topeni, na huzipanda kwenye tope la mbele kabisa ambako kwa asili hukaa mlilana. Ufilipino imejaribu hivyo kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miche ikafa. Idadi ya miche iliyopandwa inapendeza katika hotuba, lakini kinachohesabika ni miti iliyo hai baada ya miaka mitano, na mara nyingi njia bora ni kurudisha mkondo wa maji uliozibwa na kuiacha mikoko ijioteshe.

Kwa maji baridi, mfano wa kinamasi cha Nakivubo jijini Kampala unatosha. Maji machafu ya jiji hupita humo kabla ya kuingia kwenye ghuba ya Murchison, na kutoka ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, jiji huchota maji ya kusafisha na kunywa. Mafunjo na tope la kinamasi huchuja sehemu ya uchafu bila umeme wala kemikali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanauchumi walikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na 1.75 kwa mwaka. Anayefukia kipande cha kinamasi kama hicho hapokei bili ya kazi iliyopotea. Bili huenda kwenye mtambo wa maji, na kutoka hapo kwa kila anayefungua bomba.

Je, basi, kusijengwe chochote? Hapana, na neno “hifadhi” limeumia kwa kufasiriwa hivyo. Wapangaji wa miji hutumia kigezo ambacho naona kingefaa kujulikana zaidi: shughuli hii inahitaji kugusa maji, inafaidika kwa kuwa karibu nayo, au inapenda tu kuyatazama? Diko la wavuvi, gati, chelezo na kituo cha uokoaji haviwezi kuhamishiwa mlimani. Soko la samaki na kiwanda cha barafu hufaidika kwa ukaribu, lakini vinaweza kurudi nyuma mita mia moja. Ghorofa la makazi linapenda mandhari, na mandhari huonekana hata kutoka nyuma zaidi, pengine vizuri zaidi. Cha kusikitisha ni kwamba soko la ardhi hupanga kinyume chake. Anayelipa zaidi kwa mita ya mwisho kabla ya maji ni yule asiyeihitaji, na mvuvi ambaye baba yake alivuta mtumbwi hapo hujikuta akitafuta kichochoro kati ya kuta mbili ili afike kwenye chombo chake. Ukanda wa kinga ukisimamiwa vyema humlinda huyo pia: unaweza kuwa na njia za miguu, miti, viwanja vya michezo, madiko na mashamba ya msimu, yaani vitu ambavyo maji yakija yanavikuta, yanavipitia, na kesho yake vinaendelea.

Swali gumu kuliko yote ni la waliokwisha jenga, wengi wao wakiwa na hati au vibali walivyopewa na ofisi zenye mamlaka, na wengine wakiwa maskini waliokwenda bondeni kwa sababu kwingine kote palikuwa ghali. Bomoabomoa ya ghafla huondoa majengo na kuwaacha watu, ambao kwa kawaida hurudi. Uholanzi ilikabili jambo hilo baada ya mafuriko ya 1993 na 1995, yale ya pili yakiwa yamewahamisha watu wapatao 250,000. Badala ya kuinua tuta juu zaidi kila mara, ilianzisha mpango wa kuipa mito nafasi katika maeneo zaidi ya 30. Huko Lent, ng’ambo ya mji wa Nijmegen, mto Waal hubanwa kwenye kona nyembamba. Tuta lilirudishwa nyuma mita 350 na kuchimbwa mkondo wa pili wa mto. Nyumba 50 hivi zilikuwa kwenye njia hiyo, na wakazi wake walilipwa na kuhama baada ya mashauriano marefu yaliyokuwa na uchungu wa kweli. Leo kati ya mikondo miwili kuna kisiwa chenye bustani, njia na fukwe ambako watu huogelea wakati wa joto, na mto ukijaa sehemu ya kisiwa huzama kama ilivyokusudiwa.

Mradi wa kando ya maji unapotangazwa, kwa hiyo, mwananchi hahitaji kuwa mhandisi ili ausome. Tathmini ya athari kwa mazingira ikiwekwa mezani, atafute humo alama ya maji iliyotumika kupimia na mwaka ilipochukuliwa. Aulize mchanga wa ufuo huo unatoka wapi na mradi utausimamisha wapi, na jirani gani yuko upande wa pili. Aulize kinamasi kitakachofukiwa kilikuwa kikifanya kazi gani, na nani atalipia kazi hiyo baadaye. Aulize pia kama njia ya kufika majini itabaki wazi kwa asiye mgeni wa hoteli. Majibu yakikosekana, kasoro iko kwenye mradi, hata kama michoro yake ni mizuri, na muda wa kuuliza ni kabla kifusi cha kwanza hakijamwagwa, kwa kuwa kikishamwagwa kinachobaki kujadiliwa ni fidia tu.